Nusu ya Pili ya Wimbo wa Kujaribia

Ninyi mnaobeba spika zangu sasa mmeniomba niandike machache kuhusu kazi yetu kabla sijasahau. Nitaandika. Nani alilipa vizuri na nani alilipa vibaya sitasema, na kuhusu vyeo sina la kusema, maana katika kazi yetu kuna anayekaa kwenye vifundo vya kuongeza na kupunguza sauti na kuna anayebeba nyaya, na mbeba nyaya akiumwa, wa vifundo hubeba nyaya. Nitaeleza jinsi nilivyoingia, aliyenifundisha, na jambo lililonikuta baada ya kustaafu, ambalo ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu.

Niliingia kazini kwa sababu ya kigelegele cha mama yangu.

Mama, Bi Mwanaidi, alijulikana Malindi nzima kwa kigelegele. Wengine hupiga kigelegele; yeye alikuwa akikirusha. Kilianza chini, taratibu, kisha kikapanda na kukaa huko juu mpaka watu wakaanza kutazamana. Kwenye shughuli za harusi za wanawake alialikwa hata na watu wasiomjua vizuri. Siku ninayoisema ilikuwa harusi ya mama yangu mdogo, kule Mambrui. Mwimbaji alikuwa Bi Zena, mwanamke wa huko huko, mfupi, mwenye sauti nzito, ambaye aliimba kwenye shughuli za wanawake tu na hakuwahi kuingia studio. Mitambo ilikuwa ya Ami Shee, fundi wa hapa Malindi ambaye watu wa rika langu sote tulimwita ami, undugu uwepo usiwepo.

Mnajua shughuli zetu: mwanamume haingii. Ami Shee alikaa nje, nyuma ya ukuta wa ua, amplifaya yake juu ya kiti na kaseti ikirekodi, akifanya kazi kwa masikio peke yake. Wimbo ulipokuwa ukiishia, Mama alisogea mbele kumtuza mwimbaji, akasimama mbele ya maikrofoni, akavuta pumzi. Sisi tuliokuwa ndani tuliona kinachokuja. Ami Shee kule nje hakuona kitu. Kigelegele kilipofika juu, spika kubwa ikapasuka, ile karatasi yake ya katikati ikachanika kama chapati.

Kesho yake asubuhi alibisha hodi kwetu. Mama alidhani amekuja kudai spika yake, akanituma nilete kahawa haraka.

"Sikuja kulaumu, Bi Mwanaidi," Ami Shee alisema. "Kigelegele kile ni Mungu aliyekupa. Lakini mimi kule nje ni kama kipofu. Nataka macho ndani."

"Na macho hayo utayapata wapi, kaka yangu?"

Akaninyoshea kidole mimi, niliyesimama mlangoni na sinia mkononi. Nilikuwa nimemaliza shule na kukaa nyumbani nikingoja nisichokijua. "Huyu hapa. Wewe umenipasulia moja, bintiyo atanilindia zilizobaki."

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Hiyo ndiyo barua yangu ya ajira, na sikuwahi kupata nyingine.

Chombo changu cha kwanza hakikuwa maikrofoni wala waya. Kilikuwa kamba. Ami Shee aliipitisha dirishani au juu ya ukuta. Ncha moja nilishika mimi ndani, nyingine aliifunga kwenye kifundo cha mkono wake kule nje. Nikivuta mara moja, punguza sauti. Mara mbili, ongeza. Nikitikisa mfululizo, zima kila kitu, kuna balaa. Ninyi mnacheka, kwa sababu siku hizi mnakaa na simu mkatumiana ujumbe, lakini kamba ile haikuwahi kuishiwa na chaji. Ilinisaliti siku moja tu, nayo ilikuwa siku yangu ya kwanza. Niliifunga kwenye nondo ya dirisha nikaenda kunywa maji, bibi mmoja akaiona, akatundika buibui lake. Kamba ikavutika. Ami Shee akapunguza. Buibui likazidi kuteleza na kuvuta, naye akazidi kupunguza, mpaka mwimbaji akawa anapanua mdomo na hakuna kinachotoka. Tangu siku hiyo sikuwahi tena kunywa maji kazini kabla ya kukabidhi kamba kwa mtu.

Kazi yangu kubwa ilikuwa kutazama wanawake wakivuta pumzi. Msidhani ni mzaha. Kigelegele ndiye adui wa kwanza wa fundi wa sauti kwenye harusi, na kina dalili zake. Kwanza mabega yanapanda. Kisha mkono unakwenda mdomoni, na macho yanamtafuta bibi harusi. Ukiona mkono umefika mdomoni umechelewa. Unatakiwa uvute kamba mabega yanapopanda. Baada ya miezi michache nilikuwa nikiingia ukumbini na kujua papo hapo ni nani wa kukaa karibu naye. Mama mwenyewe nilimpangia kiti mbali kabisa na maikrofoni, naye alikikubali kwa heshima zote, kisha akasimama na kuja mbele kama kawaida yake.

Ami Shee hakuwa mtu wa maneno mengi. Alinifundisha kusafisha kichwa cha mashine ya kaseti kwa pamba na spiriti, kurudisha utepe kwa penseli, kukunja waya kwa mkono na kiwiko bila kuuvunja mgongo. Siku aliyoniona niko tayari kupima spika peke yangu, alinipa kaseti. Ilikuwa nakala ya harusi ya mama mdogo, ile aliyoirekodi.

"Kila fundi ana wimbo wake wa kujaribia," aliniambia. "Usichague wimbo mzuri. Chagua unaoupenda. Usioupenda hutausikiliza, na usipousikiliza hutajua spika ina nini."

Sikuwa na haja ya kufikiri. Niliupenda wimbo wa mwisho, ule uliokuwa ukiimbwa Mama aliposogea mbele. Bi Zena anamkemea jirani anayepita mlangoni kwake kila alasiri akijikohoza, hana kifua wala mafua, anataka tu atazamwe. Huo ni ubeti wa kwanza. Nyumbani tulikuwa tukiusikiliza kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana. Tuliungoja mwisho wake, kwa sababu mwishoni kulikuwa na kigelegele cha Mama, spika ikipasuka, kimya, na kisha kwa mbali, kutoka nyuma ya ukuta, sauti ya Ami Shee ikisema "Lahaula!" Hapo ua mzima uliangua kicheko. Mama alikuwa akituamuru turudishe nyuma tumsikilize tena na tena, na hakuwahi kuchoka.

Basi nikaufanya wimbo wa kujaribia, na ulifaa sana. Una ngoma kwa chini, fidla kwa juu, na sauti nzito ya Bi Zena katikati, na vyote vinaingia ndani ya ubeti wa kwanza. Nikisikia ngoma imevimba, nilipunguza chini. Fidla ikichoma sikio, nilipunguza juu. Ubeti ukiisha nilikuwa nimeshajua ninachotaka, nikazima, kazi ikaanza.

Hivyo ndivyo nilivyofanya miaka yote. Ami Shee alipochoka miguu, aliingiza mitambo ndani, akaniweka mimi kwenye vifundo, na kamba tukaigeuza ya kuanikia nguo. Mungu amrehemu. Nilipima spika kwa jirani yule anayejikohoza Malindi na Mambrui, na Kilifi kwenye kumbi zenye dari fupi, na Mnarani kwenye nyumba moja ambayo umeme ulikuwa ukija na kuondoka kama mgeni asiyejua kama amealikwa. Nilipima Kikambala, kwenye hoteli za ufukweni, ambako upepo ulichukua sauti yote ukawapelekea watu wa kuogelea. Nilipima makanisani pia, wala hakuna mchungaji aliyewahi kuuliza kwa nini mitambo inafunguliwa kwa mwanamke anayemsuta jirani yake.

Kisa kigumu kuliko vyote kilikuwa Marereni. Ilikuwa harusi ya wafanyakazi wa chumvi, na huko chumvi iko hewani, inaingia kwenye kila tundu. Nyaya zote zilikuwa zikikwaruza na spiriti yangu ilikuwa imemwagika njiani. Bibi harusi alikuwa ameshafika. Msimamizi wake mmoja, msichana wa watu kutoka Kitui waliohamia huko kwa kazi ya chumvi, akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia, chochote chenye spiriti. Akaenda akarudi na chupa ya manukato, tukasafisha nayo kila tundu, sauti ikatoka safi kama maji ya mtungi. Padri alipokaribia maikrofoni alisita, akainusa, akaendelea na ibada. Msichana huyo ndiye Mercy, ambaye ninyi nyote mnamjua, na ambaye sasa anakaa kwenye kiti changu. Jumatatu iliyofuata alikuja Malindi kuniuliza kama nina kazi.

Kaseti zilipopitwa na wakati nilihamisha wimbo wangu kwenye diski, na diski zilipopitwa nikauhamisha kwenye flashi. Nilihamisha ubeti wa kwanza tu, kwa sababu sikuwa nikihitaji zaidi. Kaseti yenyewe niliitia kwenye kopo la biskuti pamoja na penseli.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Nilistaafu kwa sababu mgongo wangu ulikataa spika, siyo kwa sababu nilichoka na harusi. Nikakaa nyumbani na mume wangu, Salim, mtu mpole apendaye redio. Na hapo nikagundua kwamba siwezi kusikiliza muziki. Wimbo ukianza tu, mimi nasikia mvumo wa umeme. Nasikia sauti imewekwa mbele mno, au ngoma imezibwa. Salim anatikisa kichwa kwa raha na mimi nimekunja uso kama niliyeuma shubiri. Mwishowe tukakubaliana: taarifa ya habari aifungue, muziki ukianza aizime. Nilijiambia ni umri. Lakini iliniuma, nasema kweli. Nilikuwa binti aliyelia akiambiwa kaseti imeisha, na sasa nilikuwa mwanamke anayeomba redio izimwe.

Alasiri moja Mercy akaja. Kama kawaida yake alibeba maandazi na swali.

"Shikamoo, Bi Rukia."

"Marahaba, mwanangu. Harusi ya Mambrui ilikwendaje?"

"Ilienda vizuri. Lakini kuna kitu nataka kukuuliza, usikasirike." Akakaa. "Nilikuwa napima spika na wimbo wako. Ubeti ukaisha, wimbo ukakatika. Kuna nyanya mmoja pale akaniambia, endelea mwanangu, mbona umezima? Nikamwambia ndio mwisho. Akaniambia sio mwisho. Akasema ule wimbo wameucheza yeye na dada zake. Wakaja kama wanne hivi, wananingoja niendelee, na mimi sina kitu." Akanitazama. "Huo wimbo una mwisho?"

"Una mwisho. Una ubeti wa pili, tena ndio mtamu."

"Unaendaje?"

Nikafungua mdomo kumwimbia. Hakikutoka kitu. Ubeti wa kwanza ulipita kichwani wote, ukafika pale ninapozima, ukazima. Nilijaribu tena tangu mwanzo, nikigonga meza kwa vidole. Palepale. Nikajaribu kukisikia kigelegele cha Mama, na hicho nacho sikukipata. Nilijua kwamba kipo. Nilikumbuka kwamba tulikuwa tukicheka. Sauti yenyewe haikuwepo.

Niliogopa, wala sioni haya kuliandika. Mama amefariki siku nyingi, na picha zake ninazo, lakini mtu yule hakuwa wa picha. Nilimwambia Mercy, "Niletee kopo la biskuti lililo juu ya kabati."

Kaseti ilikuwamo. Ilikuwa imeota ukungu mweupe pembeni, na kile kisponji kidogo kinachoubana utepe kilikuwa kimebanduka na kupotea. Salim, bila kuulizwa, akapanda juu ya kiti akateremsha redio yetu ya zamani ya kaseti, akaipuliza vumbi, akapiga chafya. Tuliifungua mezani. Mkanda wa mpira unaozungusha mashine ulikuwa umeyeyuka ukawa ute mweusi.

Hapo ndipo nilipoanza kufurahi, kabla hata ya kusikia chochote. Mikono yangu ilijua la kufanya. Nilifuta ute kwa spiriti. Nilimwonyesha Mercy jinsi ya kuutoa utepe taratibu na kuufuta ukungu kwa kitambaa laini, yeye akifuta na mimi nikizungusha kwa penseli, ile ile. Kisponji tulikibandua kwenye kaseti nyingine, ya mafunzo ya Kifaransa ambayo Salim aliinunua zamani na hakuvuka somo la kwanza. Mkanda hatukuwa nao, basi Mercy akatumia mpira mwembamba uliofungia mfuko wa maandazi.

Tukabonyeza. Bi Zena akaanza kuimba polepole, kwa sauti ya mwanamume aliyetoka usingizini, na jirani wa kwenye wimbo akajikohoza kwa muda mrefu kupita kiasi.

"Huyo kakohoa kweli," Salim akasema. "Mpelekeni hospitali."

Tulicheka mpaka Mercy akamwaga chai. Kisha akavaa viatu, akaenda kwa fundi wa redio wa sokoni, akarudi na mkanda halisi. Jua lilikuwa bado juu ya paa la jirani. Tukaufunga, tukarudisha mwanzo, tukabonyeza tena.

Ngoma, fidla, Bi Zena. Kwa mazoea masikio yangu yakaanza kazi: mvumo kwa nyuma, kitu kinagonga upande wa kushoto, chini kumezidi. Ubeti wa kwanza ukaisha, na kidole changu chenyewe kikaenda kwenye kitufe cha kuzimia. Mercy akaushika mkono wangu, akaushikilia juu ya meza.

Wimbo ukaendelea.

Fidla ikapanda peke yake, kisha ubeti wa pili ukaja, na kabla Bi Zena hajafungua kinywa mimi nilikuwa nimeshaanza kuimba. Sijui maneno yalikuwa yamekaa wapi. Katika ubeti wa pili yule mwanamke anamwambia jirani, basi, koo litakauka, ingia ndani, mahamri yako jikoni na kiti ni hicho. Nimemsikia akimkemea mtu yule karibu maisha yangu yote, na kumbe kila siku nilizima kabla hajamkaribisha. Nilimwimbia Mercy yote, nikimpigia makofi ya mwendo wake. Salim akaja kusimama nyuma ya kiti changu.

Na mvumo ule bado niliusikia, lakini sasa niliutambua. Ulikuwa wa feni ya chumba cha bibi harusi, ile iliyokuwa ikitikisika kama inataka kuondoka. Kinachogonga kushoto kilikuwa vikombe, dada zake Mama wakipitisha kahawa. Chini kumezidi kwa sababu wanawake wanacheza karibu na maikrofoni na mbao zilizotandikwa uani zinaitikia miguu yao. Kila kasoro ilikuwa mtu ninayemjua. Sikutaka hata moja isafishwe.

Kisha nikasikia kitu ambacho ni fundi wa sauti tu angekijali: pumzi. Mtu amekaribia maikrofoni na anavuta pumzi ndefu, tena ndefu. Mabega yanapanda. Mkono wangu ukaachana na wa Mercy ukaruka kwenye kifundo cha sauti, kwa sababu hiyo ndiyo kazi niliyoajiriwa kwayo, kumzuia mwanamke huyu.

Nikaongeza. Nikaongeza mpaka mwisho.

Kikaanza chini, taratibu, kikapanda, kikakaa huko juu, redio ndogo ikatetemeka mezani na jirani yetu akatokeza kichwa dirishani kuuliza nani anaolewa. Spika ikapasuka, ile ya zamani, ya Mambrui. Kimya. Na kutoka nyuma ya ukuta, kwa mbali, Ami Shee akasema, "Lahaula!"

Nilikuwa nikilia na kucheka, na ua wote wa Mambrui ulikuwa ukicheka pamoja nami. Mercy akafuta macho yake kwa mgongo wa mkono, akaninyoshea penseli.

"Rudisha, Bi Rukia," akasema. "Rudisha tena."